Mbona mitaa ya Mji Mkongwe kwenye picha za zamani haina watu?

Kila baada ya muda inazuka picha kwenye magrupu ya WhatsApp, ya kahawia, Unguja ya zamani, njia ya mchanga katikati ya nyumba za mawe, milango ya nakshi imefungwa na hakuna hata mtu mmoja, afu chini mtu kaandika "Zanzibar 1820", na ubishi unaanza palepale. Mmoja anasema si mnaona, mji ulikuwa mtupu huu, hapakuwa na watu. Mwengine anasema aaa, hiyo saa ya Ijumaa watu wako msikitini. Wa tatu kaivuta picha karibu kaona kivuli cheupe mlangoni, anasema huyo si binadamu huyo. Na tangu upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale Forodhani, ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa, tarehe 25 Disemba 2020, pana ubishi mwengine juu ya huo: jengo lilikuwaje mwanzo, mnara ulikuwepo au uliongezwa, na kila mtu ana picha yake ya kuthibitisha.

Mimi hili silioni jambo dogo, kwa sababu picha hizi siku hizi ndo zinatumika kama ushahidi, wa nani alikuwepo na nani hakuwepo, wa nyumba ilikuwaje na irudishwe vipi, na mtu akisoma picha vibaya anaweza akaufuta mji mzima wa watu kwa sentensi moja. Majibu yapo, na mengi yamo ndani ya picha yenyewe ukishajua ilivyotengenezwa.

Tuanze na lililo jepesi. Picha ya "Zanzibar 1820" haiwezi kuwepo, si Zanzibar wala pengine popote. Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ni ya Mfaransa anaitwa Nicéphore Niépce, aliipiga 1826 au 1827 toka dirisha la juu la nyumba yake kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes, na inaonesha mapaa na kuta za majengo ya kwake tu, basi, hakuna zaidi. Alitumia bamba la madini ya bati akalipaka aina ya lami ambayo inakuwa ngumu ikipigwa na jua. Kamera ilikaa wazi masaa nane kwa uchache, na wako waliochunguza wanaosema zilikuwa siku kadhaa, ndo maana ukiiangalia utaona jua limeupiga ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia kwa pamoja, kitu ambacho macho ya mtu hayawezi kukiona. Ufundi wenyewe wa kupiga picha, wa Mfaransa mwengine anaitwa Louis Daguerre, ulitangazwa kwa ulimwengu kule Paris mwaka 1839. Kwa hiyo ukikuta picha ya pwani yetu imeandikwa mwaka wowote kabla ya hapo, mwaka huo umebuniwa, au kilichopo si picha ya kamera bali ni mchoro.

Sasa maneno machache tuelewane. Kamera ya zamani ni sanduku lenye giza, mbele lina lensi, nyuma linawekwa sahani. Sahani ni kipande cha shaba au cha kioo kilichopakwa kemikali za madini ya fedha, na kemikali hizi zikipigwa na mwanga zinabadilika. Ule muda ambao kifuniko cha lensi kinaondolewa ili mwanga uingie, tuuite muda wa mwanga. Na negativu ni picha iliyo kinyume, palipo peupe panakuwa peusi na peusi peupe, ambayo ukiilaza juu ya karatasi yenye dawa ukaianika juani unapata nakala iliyo sawa, na unaweza ukatoa nakala nyingi unavyotaka. Hayo manne yanatosha.

Sasa watu wameenda wapi?

Chukua ndoo uiweke chini ya mchirizi wa bati. Siku ya masika inajaa dakika mbili, siku ya manyunyu lazima uiache na uende zako. Mwanga ndo hiyo mvua, na kemikali za mwanzo zilikuwa hafifu kiasi kwamba hata jua kali la saa sita kwao lilikuwa manyunyu. Ukuta wa mawe umesimama pale hauondoki, unadondosha mwanga wake sehemu ileile ya sahani, tone juu ya tone, mpaka pamejaa na picha ya ukuta imetoka safi na kila ufa wake. Mtu anayepita na kikapu chake anadondosha tone moja hapa, hatua ya pili tone jengine pale, hakuna sehemu inayojaa, na mwisho wa yote haonekani. Alikuwepo, ila hakukaa mahala pamoja vya kutosha.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Louis Daguerre, Paris, 1838. Alipiga barabara inaitwa Boulevard du Temple toka dirisha la ghorofani, barabara yenye pilika hasa, magari ya farasi, wapita njia, na muda wa mwanga ulikuwa dakika kadhaa. Kwenye picha barabara imefagiliwa, hakuna kitu, isipokuwa kona ya chini kuna mtu mmoja kasimama, mguu kauinua, anasafishwa viatu. Huyu hakutikisika ndo akabaki. Wengine wote waliokuwa wakipita siku ile wametoweka. Kwa hiyo mtu akikwambia mtaa fulani wa Unguja au Lamu au Mombasa ulikuwa hauna watu kwa sababu kwenye picha ya zamani hawaonekani, muulize kwanza kama Paris nayo ilikuwa haina watu.

Na yule "jini" mlangoni ni mtu aliyesimama nusu ya muda afu akaondoka. Amejaza nusu, kwa hiyo unamuona yeye na unauona mlango nyuma yake kwa pamoja. Ukishalijua hili utaanza kuona mambo mengi, punda ana miguu minne safi na kichwa hakina (alikuwa anafukuza nzi), bendera imekuwa moshi, bahari imelala laini kama haina mawimbi kabisa, majani ya mnazi ni ukungu mtupu wakati shina la huohuo mnazi limetoka vizuri. Hivyo vyote ni vitu vilivyotikisika.

Kwa nini wapiga picha wa mwanzo walipenda mno majumba ya mawe? Sababu ya kwanza ni hiyohiyo, mawe yanatulia. Mwengereza William Henry Fox Talbot, aliyekuwa anaishi Lacock, kijiji cha mawe huko Wiltshire, Agosti 1835 alitengeneza negativu ndogo ya karatasi ya dirisha la nyumba yake, nyumba ambayo zamani ilikuwa ya watawa, na hiyo ndo negativu ya zamani kuliko zote iliyobaki duniani. Baadae miaka ya 1840 akapiga ukuta wa chuo cha Queen's kule Oxford, na akawaonesha watu jinsi jiwe lilivyolika kwa miaka na mvua, kwamba mchoraji angeuchora ule ukuta uwe safi lakini kamera imeuonesha na makovu yake. Hapo utaona sababu ya pili: watu waligundua mapema kwamba kamera inaweza kutunza kumbukumbu ya jengo ambalo litakuja kuanguka. Ufaransa wakalifanya rasmi, mwaka 1851 tume yao ya majengo ya kihistoria ikawatuma wapiga picha watano wazunguke nchi wapige makanisa, magofu na ngome za zamani kabla hazijaharibika au kukarabatiwa. Yaani wazo la kwamba kabla hujagusa jengo la zamani lipige picha kwanza lina zaidi ya miaka 170.

Twende pwani sasa. Kamera ilifika huku mapema kuliko watu wanavyodhani. Afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Charles Guillain, alizunguka pwani hii kwa meli yake kuanzia 1846 mpaka 1848, toka Somalia mpaka Unguja, na kwenye mizigo yao mlikuwa na vifaa vya dagereotipu, ule ufundi wa Daguerre. Tatizo la dagereotipu ni kwamba ni bamba la shaba lililopakwa fedha, ni moja tu, haina negativu, hutoi nakala. Ili watu wengi waione picha ilibidi mchoraji aifuatishe kwa mkono ndo ichapwe kitabuni, na mchoraji akishika kalamu ana uhuru wake, anaweza akaongeza watu, akaongeza mnazi, akanyoosha ukuta. Kwa hiyo zile "picha" za miaka ya 1840 zinazozunguka zikiwa na watu wamejaa barabarani, nyingi ni michoro iliyotokana na picha, na hao watu wamechorwa. Haina maana hawakuwepo, ina maana kamera siyo iliyowaleta.

Mwaka 1860 akaja James Grant, yule aliyesafiri na Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, akapiga picha mjini Unguja, afu huko njiani kwenda bara kamera ikamshinda akaendelea na brashi na rangi. Wala simlaumu. John Kirk nae, aliyefika Unguja 1866 kama daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza na baadae akawa balozi mdogo mwenyewe, alikuwa keshapiga picha huko Zambezi na akaendelea kupiga hapa.

Kipindi hicho ufundi uliokuwa ukitumika sana ni wa kolodioni, uliogunduliwa na Frederick Scott Archer 1851, na huu nataka niuelezee kidogo kwa sababu ndo uliotengeneza sura ya Unguja tunayoijua. Unachukua kioo kisafi, unakimwagia kolodioni ambayo ni maji mazito yenye kunata, unakizamisha kwenye dawa ya fedha ndani ya giza, na kikiwa bado kimaji unakiweka kwenye kamera, unapiga, unakirudisha gizani na kukisafisha, yote hayo kabla hakijakauka, na una dakika kumi, kumi na tano hivi. Kikikauka kimekufa. Sasa fikiria Januari mchana, kaskazi, jua la Unguja, kioo kinakauka haraka kuliko kule Uingereza kitu kilikobuniwa, lazima uwe na hema lako la giza palepale unapopigia na ndani ya hema ni joto na harufu ya etha, unahitaji maji safi mengi, vumbi likiingia picha imeharibika, na ile dawa ya fedha inakubadilisha vidole vyeusi. Hiyo ni picha moja. Ukitaka ya pili unaanza upya.

Ndo maana picha nyingi za mwanzo za mji wetu zimepigwa upande wa bahari. Forodhani pana uwazi, kamera inaweza kurudi nyuma ikaliona jengo zima, pana mwanga, na hema linapata pa kukaa. Vichochoro vya ndani, Kiponda kule au Sokomuhogo, ni mtihani, njia nyembamba watu wawili wanapishana kwa kugusana mabega, juu mwanga mkali umepiga ukuta wa chokaa na chini ni kivuli cheusi, sahani haiwezi kuvibeba vyote viwili, ukipata ukuta unapoteza njia, ukipata njia ukuta unaungua unakuwa mweupe mtupu. Mtu anapoangalia rundo la picha za miaka ya 1860 na 1870 akaona bahari, ngome, majumba ya mabalozi na kasri, anadhani mji ulikuwa huo. Ulikuwa huo na mwengine mkubwa nyuma yake ambao kioo kilishindwa kuuingia.

Mambo yalibadilika zilipokuja sahani kavu za jelatini. Zilibuniwa 1871, zikaanza kuuzwa madukani mwishoni mwa muongo huo, unanunua boksi, unapiga wakati wowote, unasafisha ukifika nyumbani, na zilikuwa na nguvu kiasi kwamba muda wa mwanga ukashuka mpaka chini ya sekunde moja. Hapo ghafla mitaa ya Unguja "ikajaa watu". Wachukuzi, wauza maji, watoto, wanawake, wote wakaonekana, si kwamba walihamia miaka ya 1880, walikuwepo siku zote. Ukiwa na picha mbili za mtaa mmoja, moja tupu na moja imejaa, usikimbilie kusema mji ulikua. Kwanza uliza zimepigwa kwa sahani gani.

Na hapo wapiga picha wenyewe walikuwa si wapita njia tena. Wagoa, watu wa asili ya Goa kule India, walifungua studio mjini, jina la A. C. Gomes utalikuta nyuma ya picha nyingi sana za Unguja, na Coutinho pia, na baadae 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Hawa walikuwa watu wa mji, walijua saa ngapi jua linaingia mtaa gani.

Hili linaua na uvumi mwengine, kwamba watu wa pwani waliikimbia kamera wakidhani inachukua roho. Wako waliokataa kupigwa, kwa sababu ya dini au heshima, au tu hawakutaka mgeni awaelekezee sanduku bila salamu, na hizo ni sababu za mtu mwenye akili zake. Lakini studio haziwezi kuishi miaka na miaka mjini bila wateja, na Sultani Barghash alipotembelea Uingereza 1875 alikaa kitako studio London akapigwa picha rasmi, tena kwa utulivu wote.

Rangi sasa, hapa watu wanadanganyika sana. Kemikali za zamani hazikuona rangi kama tunavyoona sisi. Ziliona bluu vizuri mno na nyekundu hazikuiona karibu kabisa. Matokeo yake mbingu ya bluu inatoka nyeupe tupu, ndo ile "mawingu yote yale kila siku?" ambayo watu wanauliza, hapakuwa na mawingu, ilikuwa siku ya jua safi. Na kitu chekundu kinatoka cheusi. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, kwenye picha za zamani utaiona nyeusi au kijivu kizito, na nimeona mtu anaandika maelezo marefu kabisa kwamba siku ile ilikuwa msiba ndo wakapandisha bendera nyeusi. Hata ngozi za watu, kwa kuwa rangi ya udongo na wekundu inazama kwenye sahani hizo, zinatoka nyeusi kuliko zilivyokuwa, na kanzu nyeupe pembeni yake inawaka, kwa hiyo uso unapotea na nguo inabaki. Ukiona picha ya mtu wa zamani uso haueleweki usidhani mpiga picha hakujali tu, ingawa wengine kweli hawakujali, kemikali nayo ilikuwa na upofu wake. Sahani za kuona rangi zote zilianza kuuzwa kwa wingi karne ya 20 ilipokuwa keshaanza.

Postikadi za rangi za miaka ya 1900 mpaka 1914 zisikuchanganye, hazikupigwa kwa rangi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikapelekwa Ulaya kuchapwa, Ujerumani hasa, na fundi wa kiwandani ambae hajawahi kuiona Unguja ndo akapaka rangi anazodhani. Mlango wa msaji akaupaka kijani, kanga akaibuni. Kinachofanyika leo na app za kutia rangi picha ni kitu kilekile, programu inakisia, na kwa kuwa bendera ilitoka nyeusi kwenye picha, programu itaipaka nyeusi au bluu, haitajua kwamba ilikuwa nyekundu. Zichukulie kama mapambo. Usizitumie kubishania ukuta ulikuwa wa rangi gani.

Sasa tarehe. Maandishi yaliyo chini ya picha ndo kitu cha mwisho cha kuamini, kwa sababu mara nyingi yaliandikwa na mtu wa tatu au wa nne miaka mingi baadae. Amini mawe. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883 kwa amri ya Barghash. Mwanzo haikuwa na mnara wa saa mbele yake kama tulivyouzoea, ulikuwepo mnara mwengine umesimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, wenye taa ya kuongozea meli. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza zikapiga mizinga kasri, vita vilivyokwisha chini ya saa moja, Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, ule mnara wa peke yake ukaharibika ukavunjwa, na 1897 ndo mnara wa saa ukajengwa ukashikana na uso wa Beit al-Ajaib. Kwa hiyo ukiona picha ina Beit al-Ajaib na mnara umesimama mbali nayo, hiyo ni kati ya 1883 na 1896. Mnara umeshikana na jengo, ni 1897 na kuendelea, hata kama pameandikwa 1885 kwa wino wa dhahabu. Na ule ulioanguka Disemba 2020 ni huu wa pili. Wanaosema mnara uliongezwa wako sawa, na wanaosema ulikuwepo tangu zamani nao wana picha ya kweli, ila ni ya mnara mwengine.

Tazama na baharini. Katika mapigano yaleyale ya 1896 meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini, lakini maji hayakuwa na kina kikubwa na milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Picha yenye milingoti hiyo mbele ya mji imejitaja yenyewe. Mnara wa kanisa la Mkunazini hauwezi kuwemo kwenye picha ya kabla ya 1873, soko la watumwa lilikuwa pale na lilifungwa mwaka huo, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Disemba hiyohiyo. Minara Miwili, lile kanisa la Katoliki, ni ya miaka ya 1890. Reli ikipita kando ya ngome ni ile ya Bububu iliyoanza 1905. Mapaa nayo yanazungumza, nyumba za zamani zilikuwa na paa bapa la chokaa, mabati yakaja kufunika baadae, ukiona mji wote umeezekwa mabati ujue hizo si picha za mwanzo. Mombasa hivyohivyo, ukiona reli nyembamba Ndia Kuu na vigari vinavyosukumwa na watu, hiyo ni kuanzia miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuna na la picha iliyogeuka. Dagereotipu kwa asili yake inatoka kinyume, kulia kushoto, na negativu ya kioo mtu akiilaza upande usio sawa inatoka hivyohivyo. Kwa Unguja ni rahisi kuijua: ukisimama baharini unautazama mji, ngome iko kulia kwa Beit al-Ajaib na kasri kushoto. Ikiwa ngome iko kushoto, picha imegeuzwa, na usianze kudai kwamba ngome ilihamishwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni lisiloonekana kabisa. Ng'ambo. Upande wa pili wa ile pwani ndogo ya Darajani, walikoishi watu wengi mno wa mji huu, waliotoka utumwani na wavuvi na mafundi na wachukuzi, nyumba za udongo na fito zilizoezekwa makuti. Hizi kamera za mwanzo zilizipita. Sehemu ni kwa sababu aliyelipia picha alikuwa balozi, tajiri, au msafiri anayetaka kitu cha kumuonesha mtu kwao, na hao walitaka nguzo na roshani. Sehemu ni kwamba nyumba ya makuti inajengwa upya kila baada ya miaka, kwa hiyo hata picha chache zilizopo ni vigumu kuzilinganisha na kitu kilichosimama leo, wakati ukuta wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko bado upo na unaweza ukausimamia mbele yake na picha mkononi. Basi unapata kumbukumbu ambayo ina mawe mengi na watu wachache, majumba ya wachache yamepigwa mara mia na nyumba za wengi mara moja au hazikupigwa. Mtu anayesema "Zanzibar ya zamani ilikuwa hivi" huku anaonesha Forodhani tu, anarudia uchaguzi uliofanywa na waliokuwa na pesa ya kuagiza sahani.

Siku hizi limeongezeka la picha zilizotengenezwa na akili mnemba, "Mji Mkongwe 1850", nzuri mno, watu wamejaa na nyuso zao zinaonekana safi. Hapo tumia yaleyale. Mwaka 1850 watu wanaotembea wasingetoka safi. Angalia nakshi za mlango, kwenye picha ya kweli ua linarudiwa kwa utaratibu wa fundi, kwenye ya kubuni linayeyuka ukilifuata kwa jicho. Angalia kama pana jengo lolote unalolijua. Mtaa wa kweli wa Unguja lazima una kitu mtu wa mtaa huo atakitambua, na ukiwauliza wazee watano hakuna anayepajua, kaa nayo mbali.

Ukitaka kuona zilizo za kweli, Nyaraka za Taifa pale Kilimani wanazo, na Chuo Kikuu cha Northwestern Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki toka miaka ya 1860 mpaka 1960, ziko mtandaoni na unaziangalia bure.

Na kama nyumbani kwenu kuna picha ya karatasi ya zamani, ya kahawia, imegandishwa kwenye kadi ngumu, usiipeleke kwa fundi kuifunika plastiki ya moto na usiipanguse kwa kitambaa kibichi, karatasi nyingi za wakati ule zilipakwa ute wa yai na ukiulowesha unaharibika. Ipige kwa simu kivulini bila flashi, mbele na nyuma, kwa sababu muhuri wa studio na maandishi ya nyuma mara nyingi yana habari kuliko mbele. Afu kaa na bibi au babu aliyebaki umuulize huyu nani, hapa wapi, nyumba hii ya nani, na uandike majibu yake kwenye karatasi nyengine uiweke pamoja na picha, usiandike juu ya picha yenyewe.